Lenzi za renjifainda, za zamani au mpya? Uliza kwanza ni milimita ngapi

Kuna ubishi kwenye upigaji picha hauishi, na kila upande una picha zake za kuonyesha. Huyu anakwambia lenzi za renjifainda za miaka ya 50 zina roho, hizi za saivi zinatoa picha kavu hazina ladha. Mwingine anamjibu roho gani bwana, huo ni ukungu ndani ya kioo umeupa jina zuri tu. Mi nikiwasikiliza naona wote wana hoja, ila umri wa lenzi peke yake haukwambii kitu cha maana mpaka ujue ni lenzi ya milimita ngapi (namba ndogo inaona pana, kubwa inavuta karibu), inafungwa kwenye kamera gani, na mwanga unaingia ukitokea wapi. Mtu wa mandhari na mtu wa mjini wanaweza kuwa na lenzi ileile, mmoja akaisifia mwingine akaitukana, na wote wakawa wanasema kweli.

Kwa ambao hawajawahi kuishika, renjifainda ni kamera isiyo na kile kioo cha kuakisi kinachoruka ndani ya kamera nyingine unapobonyeza, unachungulia kwenye kidirisha cha pembeni, unazungusha pete ya fokasi mpaka taswira mbili za kitu kimoja zinalaliana, basi unabonyeza. Sasa kwa kuwa hakuna kioo cha kupisha, fundi wa lenzi ana uhuru wa kusogeza vioo vya nyuma karibu kabisa na filamu. Kumbuka hilo maana ndo baraka na laana ya lenzi hizi, tutalirudia.

Na ubishi wenyewe upo kwa sababu vitu vya zamani bado vinaingia kwenye kamera mpya. Kamera za mwanzo za Leica, kiwanda cha Ujerumani, zilitumia lenzi za kukaza kwa nyuzi zenye kipenyo cha milimita 39, mwaka 1954 ikaja Leica M3 na mdomo mpya (ndo unaoitwa M) wa kuchomeka na kuzungusha, na tofauti ya kina kati ya hizo mbili ni milimita 1 kamili. Kwa iyo ukiweka kipete cha unene wa milimita 1 lenzi ya miaka ya 30 inakaa kwenye Leica ya dijitali ya leo na fokasi inafanya kazi kama kawaida. Siyo vifaa vingi vya umri huo vinaweza kufanya hivyo.

Tuanze na mandhari, ambako watu wengi wanadhani mpya imeshinda kabla mechi haijaanza. Mpiga mandhari kwa kawaida anafunga tundu la lenzi mpaka f/8 au f/11 (namba ikiwa kubwa tundu ni dogo), na hapo katikati ya picha lenzi nzuri ya milimita 50 ya mwaka 1955 na ya juzi zinakaribiana sana, mtu akikuchanganyia picha unaweza usijue ipi ni ipi. Ukipita f/11 zote zinaanza kulainika pamoja kwa sababu mwanga wenyewe unatawanyika ukipita kwenye tundu dogo, hakuna kiwanda kinachokwepa hilo. Leica walitoa APO-Summicron 50 mwaka 2012, ni lenzi ya kutisha kweli, ikiwa wazi kabisa f/2 inashika shapu mpaka pembeni, lakini sasa wewe unayeifunga f/8 kila siku umelipia uwezo ambao hauugusi. Mtu wa mandhari anayejikamua anunue ile huwa simwelewi, labda kama anapiga na alfajiri bila stendi.

Tofauti inayobaki kwenye f/8 ni kontrasti, yaani weusi na weupe unavyoachana, na kona. Kontrasti inategemea sana kotingi, lile tabaka jembamba linalopakwa kwenye kioo kupunguza mwanga unaorudi. Kioo kisichopakwa kitu kinarudisha takriban asilimia 4 ya mwanga kila unapovuka kutoka hewani kuingia kwenye kioo au kutoka. Lenzi yenye makundi manne ya vioo (vilivyogundishwa pamoja ni kundi moja) ina nyuso nane za namna hiyo, piga hesabu utaona zaidi ya robo ya mwanga haifiki inakotakiwa, na sehemu ya huo uliorudishwa inadundadunda humo ndani mpaka inaangukia kwenye vivuli vyako. Ndo maana Ludwig Bertele wa Zeiss, kiwanda kingine cha Ujerumani, alipochora ile lenzi ya Sonnar 50 f/1.5 ya mwaka 1932 alibandika vioo saba kwenye makundi matatu tu, nyuso zikabaki sita, na kwa enzi zake ikawa na kontrasti nzuri kuliko wenzake. Alexander Smakula, hukohuko Zeiss, akaja na kotingi mwaka 1935, baada ya Vita Kuu ya Pili ya Dunia lenzi nyingi zikawa zina tabaka moja, matabaka mengi yakaja kuzoeleka miaka ya 70.

Hapa kuna hoja ya watu wa zamani ambayo inarudiwa sana, kwamba lenzi yenye kontrasti ndogo inakusaidia kwenye bonde lenye giza na mbingu inayowaka, maana vivuli vinanyanyuka. Vinanyanyuka ni kweli, lakini kilichovinyanyua ni mwanga wa mbinguni uliopotea njia, siyo undani wa majani yaliyoko kivulini. Kwenye filamu mwanga huo kidogo ulikuwa na faida yake, ulisukuma vivuli viandikike. Kwenye kihisi cha leo, yaani kile kinachokaa mahali pa filamu kwenye kamera ya dijitali, chenye uwezo mkubwa wa kuvuta vivuli faida hiyo imepungua sana, afu ule ukungu haukai sawasawa, upande wenye jua umepauka na upande wa pili umekolea, kuja kuurekebisha kwenye kompyuta ni kazi ya kutosha. Jua likiwa mgongoni kwako tatizo lote hili linayeyuka. Wanaosifia lenzi zao za zamani kwa mandhari, ukichunguza picha zao nyingi jua liko nyuma yao au pembeni, au ni siku ya mawingu.

Kona sasa. Hapa ndo ile laana niliyoisema, na hapa ndo neno "zamani" linabadilika maana kabisa.

Lenzi pana ambayo vioo vyake vya nyuma viko karibu na filamu inapeleka mwanga kwenye kona kwa mshazari mkali sana. Filamu haijali, mwanga ukija wima ukija umelala inaandika tu. Kihisi kinajali, kina vishimo, kina vilenzi vidogo juu yake, na juu ya hivyo kuna kioo cha kukikinga. Ule mwanga ulioinama ukipita kwenye kioo hicho unapindishwa zaidi, kona zinakuwa na tope, na wakati mwingine upande mmoja wa picha unageuka zambarau. Leica walipoingia dijitali na M8 mwaka 2006 walitumia kihisi kidogo kuliko filamu, M9 ya 2009 ndo ikaja na kihisi kamili, na kioo chao cha kukinga wamekifanya chembamba, chini ya milimita 1. Kamera za Sony zisizo na kioo kinachoruka zina takriban milimita 2. Ndo maana lenzi pana ya M unaiona inang'aa kwenye Leica, mtu anaihamishia kwenye Sony kwa adapta anaanza kulalamika ameuziwa mbovu. Haijaharibika, iko kwenye nyumba isiyo yake.

Mfano unaonifurahisha ni Voigtländer 15mm f/4.5. Cosina wa Japani, wanaotumia jina hilo la Voigtländer, waliitoa mwaka 1999, kwenye filamu ilikuwa ajabu, kadude kadogo kanakomeza bonde zima. Kwenye dijitali ikaleta rangi za ajabu kona zote. Mwaka 2015 likaja toleo la tatu, kubwa na zito zaidi, lakini mwanga unafika kwenye kihisi umesimama vizuri na zambarau ikaondoka. Sasa angalia, lenzi ya 1999 siyo ya babu, ina kotingi za kisasa kabisa, lakini kwa kihisi ni ya zamani kuliko lenzi ya Leica Summicron 50 ya mwaka 1953 ambayo haina shida hiyo hata kidogo. Kwa iyo kwangu mpaka kati ya zamani na mpya siyo vita, siyo kotingi. Kwa milimita 28 kushuka chini mpaka huo uko pale watengenezaji walipoanza kuchora lenzi wakiwa na kihisi kichwani, na mpiga mandhari wa dijitali anayetaka upana anunue mpya, mi sioni cha kujadili hapo. Kwa milimita 50 kwenda juu anunue ya zamani akitulia, labda awe ni mtu wa kupiga kuelekea jua.

Mjini hesabu ni nyingine. Mchana mtaani watu wengi wanaweka fokasi mapema wanaiacha. Lenzi ya 35 kwenye f/8 ukiiweka mita 5, kwa hesabu za filamu unapata kuanzia mita 2 na nusu mpaka mwisho wa upeo, ya 28 ukiiweka mita 3 na kidogo unaanzia kama mita 1 na nusu. Hapo ushapu wa kona hauna kazi, kazi iko kwenye kidole kuijua pete ya fokasi bila kuangalia, na lenzi iwe ndogo isitishe watu. Elmar 50 f/3.5 ya zamani ya Leica inajikunja inaingia ndani ya kamera, unaweka kwenye koti unasahau. Ubaya wake nao upo, nyingi za zamani haziendi karibu zaidi ya mita 1 wakati za sasa kawaida ni 0.7 na nyingine chini ya hapo, na grisi ikiwa imekauka pete inakuwa ngumu kama umeifunga kwa gundi. Halafu ile mizani iliyochorwa kwenye lenzi kuonyesha shapu inaanzia wapi mpaka wapi, iwe ya zamani iwe mpya, ilipigiwa hesabu za filamu na picha za saizi ya kawaida, ukiwa na Leica M11 ya megapikseli 60 afu unakuza kwenye skrini, funga tundu hata hatua mbili zaidi ya inavyosema.

Majengo je? Hapa lenzi za zamani zinashangaza watu, na hii ndo ile baraka ya vioo kukaa karibu na filamu. Kwa kuwa lenzi nyingi pana za renjifainda zimechorwa nusu ya mbele ikifanana na nusu ya nyuma, makosa ya kupinda mistari yanafutana, ukuta ulionyooka unatoka umenyooka bila programu kuja kuunyoosha.

Usiku ndo za zamani na mpya zinaachana. Chukua Sonnar ya f/1.5 au Jupiter-3, ambayo ni Sonnar iliyotengenezwa Urusi ya Kisovieti baada ya vita, ifungue kabisa upige barabara yenye taa. Taa ya katikati ina ukungu laini kuizunguka, nzuri tu, ila tazama ile ya pembeni, siyo duara tena, imeota mabawa yanayoelekea nje ya picha. Kuna taa nyingine mahali haikuwepo, ni ya kwanza imejirudia kichwa chini. Wapo wanaolipenda hilo na mi siwalaumu, mtaa wenye mvua ukipigwa hivyo una kitu chake. Lenzi mpya nzuri taa inabaki taa, na ukiifunga kidogo inatoa miale. Yenye vipande kumi vilivyonyooka kwenye tundu itakupa miale kumi, yenye tisa itakupa kumi na nane, maana namba shufwa miale inalaliana. Za zamani zenye vipande vingi vya kupinda hazitoi mwale wa maana.

Ila usidhani mpya maana yake haina vituko. C Sonnar 50 f/1.5 ya Zeiss ya miaka hii imefuata mchoro wa ukoo uleule, na fokasi inahama ukibadilisha tundu, umelenga jicho ukapata sikio. Jupiter nazo zina mgogoro wao kwenye Leica, vipimo vyao vya fokasi vilifuata Contax, kamera za Zeiss, kwa iyo karibu na lenzi ikiwa wazi zinakosa, mbali kabisa zinapata. Mtu wa mandhari hatalijua hilo tatizo maisha yake yote!

Viwanda vyenyewe vimeshaamua kuuzia pande zote mbili. Leica walirudisha lenzi zao za zamani, Summaron 28 f/5.6 mwaka 2016, Thambar mwaka 2017, Noctilux f/1.2 mwaka 2021. Voigtländer waliuza 35 f/1.4 moja kwa namna mbili, yenye kotingi ya tabaka moja na yenye matabaka mengi, uchague mwenyewe unataka ukungu kiasi gani. Wengine wanaona huo ni utapeli wa kuuza kasoro, mi naona ni biashara ya haki kabisa, maana unajua ukungu unaoupata ni wa mchoro.

Na hilo ndo doa kubwa kwenye mashindano yote ya zamani na mpya unayoyaona. Lenzi ya miaka 70 imefunguliwa na mafundi wangapi? Mbili zenye jina moja na mwaka mmoja zinaweza kutoa picha tofauti kuliko ilivyo ya zamani na mpya. Ukienda kununua chukua tochi, imulike kwa nyuma ukiangalia kwa mbele, tundu likiwa wazi. Vumbi kidogo achana nalo. Utando mweupe kama pumzi kwenye kioo uliza kama unasafishika, kwenye baadhi umeshakula kioo chenyewe. Nyuzinyuzi ni fangasi. Rangi za upinde wa mvua pembeni maana yake gundi ya kati ya vioo inaachia. Mafuta kwenye vipande vya tundu hayana neno sana kwa lenzi za mkono.

Imebaki 35, na hapa sina jibu moja. Kwenye Leica ya dijitali nyingi za zamani zinakwenda vizuri, kwenye Sony ningeenda mpya. Jupiter-12, nyingine ya Kisovieti, inavutia wengi kwa kuwa ni Biogon, lenzi pana ya Zeiss ya kabla ya vita, kwa bei ya mnyonge, ila kioo chake cha nyuma kimejitokeza sana, na kwenye baadhi ya kamera kinagusa vitu vya ndani au kinaziba kipima mwanga. Uliza kwanza waliowahi kuifunga kwenye kamera ya aina yako, na ukisikia imegoma usiikaze.