Jino la Pembe na Dawa ya Pengo

"Jino la pembe si dawa ya pengo," walisema wazee, na kwa zama zao ilikuwa kweli tupu. Pembe ikikaa mdomoni hunyonya mate, hubadilika rangi, hunuka. George Washington, rais wa kwanza wa Marekani, alivaa meno yaliyochongwa kwa pembe ya kiboko, na yalimtesa. Siku hizi mtu aking'olewa jino huambiwa dawa zipo tatu: avae jino la kuvua, ajengewe daraja, au apandikizwe jino kwa skrubu ndani ya mfupa. Ubishi unakuwa juu ya ipi bora. Mimi naona ubishi huo unaanzia katikati ya safari. Kwanza tuulize ni jino gani limetoka, na lilikuwa likifanya kazi gani.

Mama yangu aling'olewa magego mawili ya chini, upande wa kushoto. Alitengenezewa bamba la plastiki lenye waya wa kukamatia jino la jirani. Wali ukifika mezani analichomoa, analifunga kwenye leso, anakula kwa upande wa kulia. Akishanawa analirudisha. Siku moja nikamuuliza, "Mama, mbona unalivua wakati wa kula?" Akanijibu, "Mwanangu, punje zinaingia chini yake zinanichoma fizi." Magego ya chini hayaonekani mtu akicheka. Kama hayatafuni wala hayaonekani, basi yale meno mawili yamewekwa kwa ajili ya nini?

Swali hilo limechunguzwa hapahapa Tanzania. Mwaka 2003 watafiti wa Tanzania na Uholanzi walichapisha matokeo ya kuwachunguza Watanzania wazima waliopoteza magego kwa viwango mbalimbali. Waliobaki na meno ya mbele na magego madogo yote, pamoja na walau jozi moja ya magego makubwa yanayokutana, walitafuna vya kutosha. Waliopungukiwa zaidi ya hapo ndio waliolalamika, hasa kwa vyakula vigumu. Maana yake, kwa watu wengi wenye pengo la gego moja au mawili, kuliacha pengo kama lilivyo ni chaguo halali la kitabibu. Katika mazungumzo mengi ya kliniki chaguo hilo halitajwi kabisa, na jambo hilo linanikera, kwa kuwa anayeuziwa bamba asilolihitaji mara nyingi ni mtu aliyekopa nauli kufika hapo.

Lakini kuacha pengo nako kuna gharama yake. Jino la juu lililopoteza mwenzake wa chini huweza kushuka polepole, na la pembeni huweza kulala kuelekea kwenye nafasi. Mfupa wa pale jino lilipotoka husinyaa, na husinyaa kwa kasi zaidi ndani ya mwaka wa kwanza. Atakayetaka kupandikiza baada ya miaka kumi huenda akaambiwa mfupa hautoshi, uongezwe kwanza. Kwa hiyo anayeacha pengo aliache kwa uamuzi, akijua hayo, na arudi kuchunguzwa.

Jino la mbele lina habari nyingine kabisa. Kiswahili chenyewe kinatofautisha: mwanya ni uzuri wa kuimbiwa taarabu, pengo ni kitu cha kufunika kwa kiganja. Msichana aliyeanguka na bodaboda akapoteza jino la mbele humwambii avumilie. Na hapa ndipo naogopa kosa kubwa zaidi, nalo ni daraja la kawaida kwa mtu ambaye meno ya jirani ni mazima.

Ili daraja hilo likae, meno mawili yanayopakana na pengo husagwa pande zote mpaka yabaki vijiti vifupi vilivyochongoka. Kila kimoja huvishwa kofia, na jino bandia huning'inia katikati. Ganda gumu la jino likisagwa halioti tena. Uzuri wa daraja haubishaniwi: halivuliwi, linatafuna, linakamilika ndani ya wiki chache, na kama meno ya jirani tayari yameoza na yalihitaji kofia kwa vyovyote, ni chaguo zuri sana. Bali kwa kijana mwenye meno mazima, umemtibu jino moja kwa kuyatia mawili katika hatari. Uozo ukiingia chini ya kofia, pengo moja huweza kuwa mapengo matatu.

Kipandikizi hakigusi jirani, na hiyo ndiyo hoja yake kubwa. Msweden Per-Ingvar Brånemark, akichunguza mifupa ya sungura, aligundua kwamba mfupa hushikamana na madini ya titani kana kwamba ni sehemu yake. Mwaka 1965 alimpandikiza mgonjwa wa kwanza, Gösta Larsson, na skrubu zile zilikaa katika taya lake hadi alipofariki mwaka 2006. Tafiti zilizofuatilia vipandikizi kwa miaka 10 zimekuta zaidi ya 9 kati ya kila 10 bado vimeshika. Hakuna jino la pembe lililowahi kufika huko.

Ila bei ni mamilioni ya shilingi kwa jino moja, na huwa inasubiriwa miezi mitatu hadi sita mfupa ushike kabla ya kuvishwa jino. Sigara na kisukari kisichodhibitiwa huongeza uwezekano wa kushindwa. Fizi inayokizunguka ikipata ugonjwa, mfupa huliwa kimyakimya. Kuna na jambo dogo ambalo huonekana baadaye: kila kampuni ina skrubu na bisibisi zake. Umepandikizwa Dar es Salaam, ukahamia Songea, jino likalegea, na daktari wa huko hana kifaa kinachoingia. Anayepandikizwa adai karatasi yenye jina la kampuni na vipimo, aitunze pamoja na cheti cha kuzaliwa.

Jino la kuvua nalo tusilidharau. Kwa aliyepoteza meno mengi, au anayesubiri fedha, ndilo linalomrudisha kazini na harusini ndani ya siku chache. Masharti ni kulivua usiku na kulisugua, maana fizi inayofunikwa usiku na mchana huota fangasi. Na fundi azingatie rangi. Huko Arusha na Kilimanjaro, ambako madini ya floraidi kwenye maji yametia wengi meno ya kahawia, jino jeupe pe la bandia huonekana kabla mtu hajafungua mdomo vizuri.

Kuna njia ya nne ambayo husikika kwa nadra: daraja la kugandishwa, ambalo kwa Kiingereza limepewa jina la Chuo Kikuu cha Maryland. Jino bandia lina ubawa mmoja mwembamba unaobandikwa kwa gundi nyuma ya jino la jirani, ambalo halisagwi au linakwaruzwa kidogo tu. Haliwafai wanaosaga meno usingizini, wala pengo la gego. Kwa jino moja la mbele, ningelitaja kabla ya mengine yote.

Mpwa wangu ndiye aliyeanguka na bodaboda. Ana miaka 17, taya bado linakua, na kipandikizi hakikui na taya. Akiwekewa sasa, jino litaonekana fupi kadiri wenzake wanavyoshuka. Daktari wa kwanza alitaka kumsagia mawili. Tulikwenda kwa wa pili, akambandikia la ubawa mmoja, na lile la skrubu litazungumzwa akishakomaa, fedha zikiwepo. Anacheka bila kiganja. Muhindi wa kuchoma anaupukuchua kwa vidole, punje moja moja, kama alivyoagizwa.