Kaseti Iliyofungiwa Kabatini Haijahifadhiwa

Katika shule moja ya sekondari hapa Iringa, nilikofundisha historia kwa miaka kadhaa, maktaba ilikuwa na kabati la chuma lenye kufuli, na ndani yake mlikuwa na kaseti 14 ambazo hazikuwa na maandishi yoyote isipokuwa moja, iliyoandikwa kwa wino uliofifia: "Mzee, Kalenga", yaani kijiji kilicho karibu na mji wa Iringa. Vitabu vyote vilikuwa na namba na kadi zake, lakini kaseti hazikuwamo katika daftari lolote. Nilipouliza, nilijibiwa kuwa hizo ni mali ya stoo, na zinasubiri kutupwa pamoja na madawati mabovu.

Nadhani kosa linaanzia katika jina. Kanda za sauti, filamu, video na slaidi tumezoea kuziita zana za kufundishia, na zana ikichakaa hutupwa. Kwangu mimi rekodi ni hati kama kitabu kilivyo hati, na mkutubi anapaswa kuiorodhesha kwa jina la msemaji, mahali, tarehe na lugha, ili msomaji aipate rafuni bila kumwomba mtu ufunguo.

Kwetu nyanda za juu kusini jambo hili lina uzito wa pekee. Kihehe, lugha ya Wahehe wa Iringa, ni lugha ya toni, na herufi tunazokiandikia kwa kawaida hazionyeshi sauti inapopanda wala inaposhuka. Ninaweza kuandika "kamwene" na kila mtu akajua kuwa ni salamu, lakini namna mzee anavyoivuta salamu hiyo, na kimya anachokiacha kabla ya kumtaja Mkwawa, mtawala wa Wahehe aliyepigana na Wajerumani, aliyefariki mwaka 1898 na ambaye fuvu lake walilolichukua lilirudishwa na kukabidhiwa Kalenga mwaka 1954, havina herufi. Anayesoma tafsiri ya simulizi hiyo kitabuni anapata habari zake, ila msimulizi mwenyewe hampati.

Tena kanda haingoji. Chembe za sumaku zinazobeba sauti zimegandishwa juu ya utepe wa plastiki kwa gundi inayofyonza unyevu, na gundi ikilegea, sauti huondoka nayo. Baridi ya Iringa inatusaidia kidogo. Mwenzangu anayefundisha Tukuyu, kwenye mvua zisizokatika, hana bahati hiyo. Mashine za kuchezea nazo zinaadimika, kwa hiyo kaseti nzima isiyo na redio ya kuichezea ni bubu sawa na iliyooza.

Kuhusu kufundisha, nchi hii ilikwishajua njia. Mwaka 1973 kampeni ya Mtu ni Afya iliwafikia watu wapatao milioni 2 kwa redio, lakini redio haikuachwa ifanye kazi peke yake: watu walikaa katika vikundi, wakasikiliza, wakasoma vijitabu, wakajadiliana chini ya kiongozi wa kikundi, kisha wakaenda kuchimba vyoo na kusafisha mazingira. Leo mwalimu huwasha projekta na kwenda kusahihisha madaftari ofisini. Huko si kufundisha, hata picha iwe nzuri kiasi gani.

Ile kaseti ya Kalenga niliiomba kwa maandishi, nikaipeleka kwa fundi redio aliyeiunganisha na kompyuta kwa waya. Kanda ya dakika 60 huhamishwa kwa dakika 60, kwa hiyo tulikaa na kuisikiliza yote. Darasani niliisimamisha kila baada ya dakika chache na kuwauliza wanafunzi wa kidato cha tatu mzee ameshuhudia nini mwenyewe, na nini amesimuliwa na wengine. Waliojua Kihehe waliwafasiria wenzao, na mara mbili walibishana juu ya neno moja hadi wakaniomba niirudishe nyuma wasikilize tena.

Nilipohamishwa, kaseti 13 zilikuwa bado kabatini, na ufunguo ulikuwa kwa mtunza stoo.