Mandhari Ina Kazi Gani Mezani?

Katika michezo ya kuigiza wahusika mezani, msimamizi hueleza hali, wachezaji husema wahusika wao wanafanya nini, na penye shaka dadu huamua. Yote hayo lazima yatokee mahali fulani, na ubishi ni juu ya uzito wa mahali hapo, yaani mandhari. Wapo wanaoshikilia kwamba mkasa mzuri huzaliwa na ulimwengu uliokwisha kujengwa, wenye ramani, dini, falme na uhasama wa karne nyingi. Wengine wanasema wape wahusika haja na mtu wa kuwazuia, mengine yatajileta yenyewe.

Hoja ya hawa wa pili ina mizizi. Dungeons & Dragons, mmoja wa michezo hii, ilipotoka mwaka 1974, vijitabu vyake vitatu vilijaa kanuni, mazimwi na hazina, bila nchi iliyoelezwa kikamilifu. Waandishi wake, Gary Gygax na Dave Arneson, walikuwa na ulimwengu wao, Greyhawk na Blackmoor, lakini mnunuzi aliachiwa ajichoree wake: leo pango, baadaye kijiji jirani, kisha mji. Mwaka 2010 Apocalypse World, mchezo wa Vincent na Meguey Baker, ikaufanya mtindo wa namna hiyo kuwa kanuni: msimamizi huuliza, mchezaji hujibu, na jibu linaingia katika ulimwengu. Ukimuuliza mchezaji nani anamiliki kisima na kwa nini yeye hamwamini, hatasahau alichojibu. Linganisha na msimamizi aliyemeza mamia ya kurasa ambazo wenzake hawajazigusa. Kila wakitaka kujaribu jambo, anawaambia hapa mambo hayaendi hivyo. Wachezaji wanageuka wageni katika nyumba ya mtu, wanaogopa kugusa chochote.

Hata hivyo siwezi kukubali kwamba mandhari ni pambo. Sababu yangu kubwa ni haki, na naona haitajwi vya kutosha. Msimamizi ana mamlaka makubwa mno, maana yeye ndiye anayesema kilichoko nyuma ya mlango. Wote wakijua mapema jinsi ulimwengu unavyoendeshwa, mamlaka hayo yanapata mipaka. Mchezaji anaweza kupiga hesabu ya matokeo ya tendo lake, na msimamizi hawezi kuzua askari ghafla kwa kuwa tu mpango wake umeharibika.

Traveller, mchezo wa safari za anga uliotoka mwaka 1977, unalionyesha hili vizuri kuliko mwingine wowote ninaoujua. Humo hakuna redio inayovusha habari kutoka nyota moja hadi nyingine. Habari husafiri na meli, na kila mruko wa meli kati ya nyota huchukua takribani wiki moja. Basi, hayo yanatosha. Tuseme wahusika wamemjeruhi ofisa wa forodha, wakafanikiwa kupaa. Kila mtu mezani anajua kwamba bandari wanayoikimbilia haijapata habari zao. Anajua pia kwamba meli ya barua ikiondoka mara baada yao, watakuwa na muda mfupi tu wa kuuza shehena kabla majina yao hayajatua. Je, wauze kwa hasara waondoke? Waghushi karatasi za meli? Au warudi kuizuia ile meli ya barua? Hakuna aliyewasukuma huko. Umbali wenyewe ndio uliozaa mkasa.

Dark Sun, mandhari ya mwaka 1991 ya kuchezea Dungeons & Dragons, inafanya kazi hiyohiyo kwa uhaba: jangwani kwake maji ni ya kupigania, na chuma ni adimu hata silaha nyingi zikawa za mifupa na mawe. Ukionekana na upanga wa chuma umejitafutia maadui. Ningekuwa naandaa mkasa, ningetafuta mambo mawili matatu ya namna hii, yanayobadili gharama ya kila tendo, nikayasema wazi kabla dadu hazijarushwa. Orodha ya wafalme ingesubiri mtu aulize.

Lakini mandhari yenye nguvu inaweza pia kumfunga mchezaji. Ravenloft, mkasa wa Tracy na Laura Hickman wa mwaka 1983, una bonde lililozingirwa na ukungu usiopitika, na ngome ya Strahd, mtawala wake. Karata zinazopigwa huamua vitu muhimu vimefichwa wapi, kwa hiyo ngome ileile haichezwi vilevile mara mbili. Ila anayetaka kwenda zake hana njia. Mimi naukubali ukuta huo, maana uko wazi na ndani yake wachezaji wanajichagulia pa kupita. Ukuta unaochipuka katikati ya kisa kwa sababu msimamizi kakosa jibu ni dhuluma.

Hoja yangu ya haki inakwama kidogo kwenye michezo ya kutisha, ambako raha yenyewe ni kutojua. Call of Cthulhu ya mwaka 1981 ilipata njia: zimwi limefichwa, lakini juu yake kuna ulimwengu wetu wa miaka ya 1920, wenye treni, magazeti na maktaba. Bila kusoma ukurasa hata mmoja, mchezaji anajua kwamba marehemu huenda aliacha wosia, na kwamba magazeti ya zamani hutunzwa mahali. Ana pa kuanzia. Mzigo unamwangukia msimamizi, ambaye lazima ajue barua ilichukua siku ngapi kufika na nani alizuiwa mlango gani enzi hizo. Hapo zile kurasa nyingi za maelezo zinastahili kuandikwa, na anayepaswa kuzisoma ni yeye peke yake.