Ujiji si pa kujificha

Mwaka 1871 Stanley alitoka Bagamoyo kwa miguu kumtafuta Livingstone. Njiani homa, wapagazi wanatoroka, pale Tabora akajikuta kwenye vita vya Mirambo, na hata kitochi cha kupiga simu hana. Bado alimkuta. Tena hapa hapa Ujiji. Sasa mimi nilikuwa nafikiria nini nilipoamua kumkimbia afisa mikopo mwenye pikipiki na namba yangu ya NIDA?

Maana nilijificha kweli, sitaki kudanganya. Mimi ni fundi cherehani. Kibaraza changu kinatazama barabara ya kwenda Mwanga, na nyuma ya cherehani kuna kamba ninayotundika nguo za wateja. Alhamisi moja nikaisikia ile pikipiki. Ina kikohozi chake, huwezi kuichanganya na bodaboda. Nikaruka nikaingia nyuma ya dera la mama mmoja wa Kitongoni, mama mwenye mwili wake, dera la kutosha kufunika mtumbwi na wavuvi wake wote. Nikabana pumzi. Viatu vikapanda ngazi, vikasimama. Kimya. Halafu kijana wa watu akasema kwa adabu kabisa:

"Shikamoo fundi. Miguu inaonekana."

Nikaitikia marahaba nikiwa ndani ya dera. Ungefanyaje?

Na Livingstone alikuwa na nafuu, aliyemtafuta alimletea mahitaji. Mimi nililetewa karatasi ya marejesho.

Watu wa mikoa mingine hawawezi kulielewa deni la Kigoma mpaka niwaeleze habari za mwezi. Si mwezi wa mshahara, huu wa angani. Dagaa wetu wanavuliwa usiku, kwenye giza. Zamani karabai, siku hizi taa za sola, lakini mchezo ni ule ule: taa inawaka, dagaa wanaifuata, wavu unapanda. Mbalamwezi ikijaa, ziwa zima lina taa ya bure, dagaa hana sababu ya kuifuata ya kwako. Mitumbwi inalala. Na mitumbwi ikilala, hela yote ya mji inalala nayo. Muuza chapati, muuza vocha, kinyozi, mimi, wote tunaambiwa neno moja: "Giza likianza, fundi." Nimefika mahali nautazama mwezi kuliko shehe anayetafuta Idi. Shehe yeye anafurahi akiuona.

Sasa afisa mikopo hana mbalamwezi. Alhamisi yake inawaka mwaka mzima.

Nilikopa laki sita ninunue ovaloki. Hesabu niliipiga gizani, yaani kwenye siku za hela, nimeshiba ugali wa muhogo na mgebuka wa mawese, na mtu aliyeshiba hajui kutoa, anajua kujumlisha tu. Kila wiki elfu thelathini na tano. Nikasema hiyo ni kanzu mbili tu, kitu gani! Ikafika tarehe 15 Mei 2024, ziwa likafungwa miezi mitatu, hadi 15 Agosti, samaki wazaliane. Sibishi. Samaki walikuwa wanapungua na kila mtu anayekula hapa alikuwa anaona sahani yake. Na ziwa lenyewe ni la nchi nne, si la kwangu. Lakini miezi mitatu mvuvi hashoni kanzu. Mvuvi wa miezi hiyo alikuwa anakuja kibarazani kwangu kukaa tu, anaiangalia ovaloki, anasema, "Mashine nzuri hii." Basi. Anaondoka.

Samaki wakazaliana, na madeni yangu yakafuata mfano.

Rejesho la kwanza lililonishinda nililitoa kwenye kikoba. Kikoba kilipotaka chake, nikaenda kwa mzee mmoja wa mtaani, hawa wanaoitwa kausha damu. Nilikuwa nadhani jina hilo watu wanatia chumvi. Nikachukua laki moja, kila mwezi unapeleka elfu thelathini, na ile laki unaileta siku utakayojaliwa. Miezi mitatu nikampelekea elfu tisini kwa mikono yangu miwili, na laki yake bado imekaa pale pale, haikupungua hata shilingi, imetulia kama mke mkubwa.

Halafu usiku mmoja nimelala chali nahesabu mabati, simu ikaita kidogo. Programu moja ya mikopo inasema: "Hongera! Umestahili." Jamani, tangu nizaliwe hakuna aliyewahi kuniambia nimestahili kitu. Nikalainika. Nikaomba elfu hamsini, ikaingia elfu thelathini na nane, eti nyingine ni gharama. Gharama ya nini? Mimi ndiye niliyebonyeza. Baada ya siku saba irudi elfu sitini na tano. Siku ya nane haikurudi, na ile programu ikawaandikia watu wote waliomo kwenye simu yangu kwamba mimi ni tapeli ninatafutwa. Imamu akaandikiwa. Baba mdogo yupo Kasulu akaandikiwa, akanipigia analia, akidhani nimekamatwa. Mama wa Kitongoni akaandikiwa, akaja mbio kuchukua dera lake, na mimi ndiyo nikakosa pa kujificha.

Kwenye simu nilikuwa na utaratibu wangu. Kila anayenidai namhifadhi kwa jina la Usipokee. Usipokee 1, Usipokee 2, mpaka 7. Simu ikiita natazama kioo, kioo chenyewe kinanishauri. Utaratibu mzuri sana. Kasoro yake moja: sikumwambia mtu.

Jioni moja nipo uani naoga. Simu ipo mezani inaita. Mama Zuwena anachambua dagaa, mikono ina magamba, akainama kuangalia: USIPOKEE 4. Akaiacha. Ikaita tena. USIPOKEE 4. Sasa mwanamke gani ataona jina hilo kwenye simu ya mumewe na aliache liite mara ya tatu? Akajifuta mkono kwenye kanga, akapokea, akavuta pumzi ya vita:

"Haloo! Wewe nani wewe?"

Upande wa pili kimya kidogo. Halafu: "Mimi mama yako."

Mama mkwe ndiye mweka hazina wa kikoba. Nadhani nilishasahau kuwaambia hilo.

Nilitoka uani na taulo na sabuni sikioni, nikakuta simu imewekwa mbele yangu juu ya meza, spika imefunguliwa, na mama mkwe anauliza taratibu, "Baba Zuwena, kwani hao watatu wa mbele yangu ni akina nani?" Nikasema, "Shikamoo mama." Ndilo neno pekee lililokuwa limebaki nyumbani.

Usiku ule haukulaliwa. Mama Zuwena hakupiga kelele, na ningependa wanaume wenzangu wajue kwamba kimya ni kibaya zaidi. Alichukua daftari la hisabati la Zuwena, akageuza ukurasa wa nyuma, akasema taja. Nikataja madeni matatu. Akaendelea kushika kalamu. Nikataja la nne. Mkono haushuki. Basi yakatoka, kama mtu anavua samaki asiowataka: ile kampuni ya Alhamisi laki mbili na themanini zimebaki, kikoba laki na nusu, mzee wa kausha damu laki na thelathini, programu elfu sitini na tano, mkopo wa salio la simu elfu ishirini na tatu, dukani arobaini na saba na mia tano, nyuzi na vifungo vya jumla elfu sitini, mjomba wa Uvinza arobaini, chapati elfu nane na mia tano. Hapo akaacha kuandika akanitazama. "Chapati?" Nikasema na chai. Kinyozi elfu tatu. Nikashusha pumzi, nimemaliza. Ndipo sauti ikatoka chini ya shuka: "Na mimi baba, elfu mbili zangu za kwenye kibubu."

Madeni kumi na moja. Laki nane na elfu tisa. Cha ajabu, kwa kichwa nilikuwa najua nadaiwa kama milioni mbili hivi, kwa jinsi nilivyokuwa nakimbia. Nikafurahi kidogo. Nikaonyesha furaha hiyo. Nisingeionyesha.

Asubuhi akaamua. Wa kwanza kulipwa ni kausha damu, kwa sababu elfu thelathini za kila mwezi hazinunui hata sindano. Hela itoke wapi? Akaitazama sabufa yangu. Nikamwambia chochote ila hiyo. Ikaondoka saa nne kamili, imebebwa kichwani, kwa laki na kumi. Aliyeinunua ni jirani wa ukuta mmoja, kwa hiyo deni nimelipa mimi, umeme analipa yeye, na taarabu nasikia bure mpaka saa sita za usiku. Nyimbo anazochagua ndizo sizipendi.

Elfu ishirini iliyopelea ikatoka kwa wavuvi wangu wenyewe, maana na mimi nadai. Nguo zilizotundikwa kwenye kamba zilikuwa na laki tatu na ushee za watu wanaosubiri giza. Mama Zuwena akaandika kwa mkaa ukutani: NGUO HAITOKI KWA MBALAMWEZI. Nilidhani wateja watakimbia. Walinuna, wakaingiza mikono mifukoni, na mifuko ilikuwa na hela! Miaka yote hiyo nilikuwa benki na sijijui.

Kwa yule mzee nilitaka kwanza nijaribu akili. Mpwa wangu ni msomi wa simu, alinisomea kwamba masharti ya Benki Kuu kwa wakopeshaji wenye leseni ni riba isiyozidi asilimia 3.5 kwa mwezi. Mzee wangu alikuwa anachukua asilimia 30. Nikaenda nimenyoosha shingo, nikamwambia, "Mzee, Benki Kuu inasema tatu nukta tano." Akanitazama kwa huruma kabisa.

"Basi kakope Benki Kuu."

Nikahesabu laki na thelathini nikampa. Akazirudia kuzihesabu mara mbili, ananilowanishia noti kwa ulimi, na nadhani alihuzunika. Mteja kama mimi hapatikani kirahisi.

Mpwa huyo huyo ndiye aliyeniletea habari ya Novemba 2024, kwamba Benki Kuu imefungia programu na majukwaa 69 yaliyokuwa yanakopesha mitandaoni bila kibali, na ile yangu imo. Nikarukaruka barazani. Deni limekufa! Mama Zuwena hata hakuinua kichwa kwenye dagaa wake. "Wamefungiwa wao," alisema, "hujafunguliwa wewe. Ulikula thelathini na nane, weka thelathini na nane pembeni." Ipo pembeni hadi leo, ndani ya kopo la maziwa, haina wa kumpa. Kila nikipita naisikia inaniita.

Kazi ngumu ilikuwa Alhamisi. Akaniambia usisubiri Alhamisi, nenda Jumatano. Kwa miguu yangu, kwa hiari, niingie ofisini kwa watu ninaowakimbia! Nikapita barabara kubwa mchana kweupe, mimi ambaye kwa miezi mingi nilikuwa nakwenda Mwanga kwa kuzunguka vichochoro kama mbuzi wa kuibwa. Mbele ya duka ninalodaiwa nikasalimia. Muuzaji akaangusha mzani.

Afisa mikopo aliponiona mlangoni alisimama. "Fundi, kuna msiba?"

Nikamwambia hakuna msiba mdogo wangu, nimekuja tuzungumze. Akakaa, akasimama tena, akaniletea kiti. Nadhani hakuwa amefundishwa nini cha kufanya mtu akija mwenyewe. Tukapiga hesabu: badala ya elfu thelathini na tano kwa wiki nane zilizobaki, elfu ishirini kwa wiki kumi na nne. Akaenda kumuuliza mkubwa wake, akarudi na karatasi mpya nikasaini. Dakika ishirini. Miezi yote ile ya kuruka madera, na dawa yake ilikuwa dakika ishirini na kiti cha plastiki. Nikakasirika sana, na wa kumkasirikia sikumpata.

Mama mkwe nilimlipa kwa kushona. Sare za kikoba kizima, akina mama kumi na wanane, vitenge vyao, mkono wangu. Nashona mpaka leo. Kila mmoja anataka shingo tofauti, na wakija kupima wananiita Usipokee.

Hadi wiki iliyopita kalamu nyekundu ilikuwa imekata mistari sita kwenye daftari. Wa Zuwena bado, kwa sababu sasa anataka elfu mbili na mia tano. Nimemsomea ile asilimia 3.5. Ananijibu kwamba yeye hana leseni.

Na huyu kijana wa marejesho tumekuwa marafiki. Mwezi uliopita alikuja na suruali mbili za kupunguza na koti la kubadilisha zipu, anakwenda harusini Kasulu. Elfu kumi na mbili. Nikamwonyesha maandishi ya ukutani. Akacheka, akaniambia, "Fundi, mimi si mvuvi, mimi nasubiri mshahara tu, tarehe ishirini na tano." Kwa jinsi alivyonistahi siku ile ya kiti, nikaona haya. Nikamfungia nguo kwenye gazeti.

Leo ni tarehe tatu. Nimempigia tangu asubuhi mara mbili, inaita mpaka inakata. Najua kabisa nimehifadhiwa kwa jina gani huko. Nisichokijua ni namba yangu tu.