Kabla hujaifungua injini, hesabu meno ya difu

Wenye pikapu wanaovuta trela wana lalamiko moja: gari limekosa nguvu mlimani. Na gereji nazo zina dawa zilezile. Pampu ifunguliwe kidogo iongeze dizeli, ifungwe turbo, au kama gari ni la kisasa, kompyuta "ipigwe chipu". Mimi nasema hivi: kama pikapu ilikuwa inapanda vizuri siku unainunua, injini haina ugonjwa, na leo inakata pumzi kwenye mlima uleule, acha boneti kwanza. Angalia tairi ulizofunga, kisha tafuta kujua difu yako, lile boksi la meno katikati ya ekseli, ina meno mangapi. Mara nyingi nguvu tunayoililia haijapotea kwenye injini. Imemezwa na tairi.

Waendesha bodaboda hawana haja ya kufundishwa hili. Anayebeba magunia ya mkaa anafunga sproketi ya nyuma yenye meno mengi zaidi, pikipiki inapoteza mbio kidogo barabarani na inapata mvuto mlimani. Haigusi injini. Kwenye pikapu kazi hiyo iko ndani ya difu: pinioni ndogo inayozungushwa na propela (shafti inayotoka kwenye giabaksi), na kraunwili kubwa inayozungusha ekseli. Gawanya meno ya kraunwili kwa meno ya pinioni, umepata uwiano. 43 kwa 11 ni 3.9, hiyo ni difu ya mbio. 41 kwa 10 ni 4.1, ya katikati. 41 kwa 9 ni 4.56, difu ya mzigo. Namba ikipanda, propela inazunguka mara nyingi zaidi ili tairi lizunguke mara moja, na nguvu inayofika kwenye tairi inaongezeka kwa kiwango hichohicho. Kutoka 4.1 kwenda 4.56 ni asilimia 11, kwenye kila gia, hata rivasi.

Sasa tuje kwenye tairi, maana ndiko ugonjwa unakoanzia. Chukua Hilux ya dizeli ya zamani isiyo na turbo, iliyotoka kiwandani na tairi 205R16, kimo chake kama inchi 29. Mwenyewe anataka gari lisimame kibabe, anafunga 265/75R16, inchi 31 na nusu na ushee. Gari linapendeza, sikatai. Lakini tairi limekua kwa karibu asilimia 9, na difu yake ya 4.1 sasa inafanya kazi kama ya 3.76. Yaani amejifungia difu ya mbio bila kununua difu, halafu anaweka trela la ng'ombe nyuma na kuulizia turbo.

Hesabu yake barabarani iko hivi. Gia ya nne, ambayo kwenye giabaksi nyingi za gia tano ni moja kwa moja (propela inazunguka sawa na injini), mwendo wa kilomita 60 kwa saa. Kwa tairi za kiwandani injini inazunguka kama mara 1,820 kwa dakika. Kwa tairi kubwa inashuka hadi 1,670. Kwa tairi kubwa na difu ya 41/9 inarudi 1,860. Mtu atasema mizunguko 150 ni kitu gani? Mwambie apande mlima Kitonga, kule Iringa, na trela. Dizeli isiyo na turbo haina pa kujificha: injini ya 1HZ ya Land Cruiser, lita 4.2, inatoa mvuto wake wa juu kabisa, Nm (newton-mita) 285, kwenye mizunguko 2,200. Ukishuka chini ya hapo huku mlima bado mrefu, kila sekunde unapoteza mizunguko, na kila unavyopoteza mizunguko unapoteza na nguvu. Unarudisha gia ya tatu, injini inapiga kelele na mwendo ni wa lori; unajaribu ya nne, inazama. Kule kuhangaika kati ya gia mbili, hakuna hata moja inayokaa vizuri, ndiyo dalili kubwa kwamba uwiano wako hauendani na mzigo. Pampu ikiongezwa dizeli hapo utapata moshi mweusi na joto, na geji ya maji itakuambia habari yote kabla hujafika juu.

Wamarekani hili jambo wanalimaliza dukani. Anayeagiza Ford F-150 anachagua uwiano wa ekseli, 3.31, 3.55 au 3.73 kutegemea mwaka na injini, na uzito anaoruhusiwa kuvuta unabadilika kulingana na alichochagua. Sisi hatuulizwi. Tunanunua gari lililotumika Japani, Uingereza au Dubai, lilitengenezwa kwa ajili ya soko la huko, na pengine mwenye nalo wa pili hapa nchini alishabadilisha difu na hakumwambia mtu. Kwa hiyo usikisie. Kwenye Toyota kuna kibati chenye msimbo wa ekseli, lakini kibati kinajua gari lilivyotoka kiwandani tu. Njia ya uhakika haina gharama: gari likae sehemu tambarare, weka kingo kwenye tairi zinazobaki chini, piga jeki tairi moja la nyuma, weka stendi, toa gia. Chora alama kwa chaki kwenye tairi na nyingine kwenye propela. Zungusha tairi mizunguko miwili kamili (miwili, kwa sababu tairi la pili limesimama na difu inagawa nusu kwa nusu), mwenzako akiwa chini anahesabu propela. Ikizunguka mara nne na kipande kidogo, una 4.1. Ikipita nne na nusu kidogo, una 4.56. Ikishindwa hata kufika nne, umepata jibu la kwa nini Kitonga inakutesa.

Ukishajua, usikimbilie duka la spea. Nusu ya watu ninaowajua wangepona kwa kurudisha tairi za kimo cha kiwandani, na tairi si kazi ya kumwaga oili. Kubadilisha difu ni kwa anayevuta kweli: maji, mifugo, boti, jenereta, kila wiki au karibu na hapo. Anayevuta trela Krismasi kwenda kijijini apande taratibu na gia ya tatu, mbona atafika. Maana kuna bei ya kulipa. Gari likiwa tupu kwenye barabara tambarare injini itazunguka zaidi kwa mwendo uleule, kelele itaongezeka, na dizeli pia. Na usichupe mpaka mwisho wa orodha. Uwiano ukiwa mkubwa sana pinioni inakuwa ndogo, meno yanayoshikana kwa wakati mmoja yanapungua, na hapo umetafuta nguvu ukapata difu dhaifu. Rudisha ulichopotezewa na tairi, ongeza kidogo cha mzigo, basi.

Kama pikapu ni 4x4, unabadilisha mbele na nyuma, uwiano uleule. Hapa nimesikia maneno ya ajabu. "Bosi, ya mbele huitumii sana, tuiache." Siku utakapofunga mbele kwenye tope, propela mbili zitataka kuzunguka kwa kasi tofauti huku giabaksi ndogo, ile inayogawa nguvu mbele na nyuma, imezifunga pamoja. Kwenye tope tairi zitateleza na kukusamehe. Kwenye ardhi kavu kitu kitavunjika, na kitakachovunjika ni cha bei.

Lakini pesa nyingi za watu zinapotea kwenye ufungaji. Difu ni kazi ya vipimo. Pinioni inakaa kwenye kina chake kwa vipande vyembamba vya chuma, shimu, na shimu iliyofaa meno ya zamani haina lazima ya kufaa mapya. Beringi za pinioni zinakazwa kwa mgandamizo maalumu. Kisha kraunwili inasogezwa mpaka ule mchezo mdogo kati ya meno uingie kwenye kipimo. Kwenye difu ya Toyota yenye kraunwili ya inchi 8 ni kati ya milimita 0.13 na 0.18, unene wa karatasi moja au mbili. Hilo halipimwi kwa kidole. Linapimwa kwa geji ya saa iliyosimamishwa kwenye jino. Halafu meno yanapakwa rangi, yanazungushwa, fundi anasoma alama: rangi ifutike katikati ya jino, isiwe juu kwenye ncha wala chini kwenye shina. Ikikaa vibaya anafungua upya, anabadilisha shimu, anaanza tena. Fundi mzuri anaweza kurudia mara kadhaa bila kuona aibu. Yule anayemaliza kabla ya chai ya saa nne ndiye wa kuogopa; gari lake litatoka kimya, na baada ya muda difu italia kama mbu mkubwa kila ukikanyaga mafuta.

Kuna wanaochukua kichwa kizima cha difu kutoka gari lililofumuliwa, na kwa Toyota nyingi hiyo si njia mbaya: meno yameshazoeana, vipimo ni vya kiwandani. Hesabu meno kabla hujalipa, shika pinioni uitikise, na uangalie meno kwa tochi. Yakiwa na vijishimo, acha.

Na tusidanganyane kuhusu uzito. Difu mpya haiongezi kilo ambazo pikapu inaruhusiwa kuvuta. Breki, chasisi na tobaa ni zilezile. Kinachoongezeka kwenye mteremko ni injini kushika gari vizuri zaidi ukiachia mafuta, na hilo unapoishuka Kitonga utalipenda, lakini trela zito lisilo na breki zake litakusukuma tu.

Meno mapya yanataka kuzoeana. Oili ya difu iwe ya daraja la GL-5, safari za mwanzo ziwe fupi na difu iachwe ipoe, kilomita 800 za kwanza bila trela, kisha mwaga oili uangalie vumbi la chuma. Vumbi laini ni kawaida, vipande sivyo. Na kama gari ni la zamani ambalo spidomita yake inachukua mwendo kutoka kwenye giabaksi, utapata faida ambayo hukuiomba: tairi kubwa zilikuwa zinaifanya isome pungufu, difu mpya inairudisha karibu na ukweli. Ile 50 uliyokuwa unaiona ukipita vijijini ilikuwa 54 na zaidi, na askari wa tochi walikuwa wanaijua kabla yako.