Wamehamisha Mlango Tena

Leo asubuhi nimewasha kompyuta, ikawaka, nikaizima. Nikaigeuza chini juu kutafuta ule mkwaruzo. Upo. Basi ni yangu. Nikaiwasha tena.

Jana iliniomba ruhusa ya kujisasisha. Siyo kuomba hasa, iliniuliza "Sasa hivi au usiku?", kama anayekuuliza unataka kofi la kulia au la kushoto. Nikasema usiku. Asubuhi nakuta kila kona imeviringishwa, kilichokuwa cheusi kimekuwa kijivu, kilichokuwa kijivu hakionekani kabisa, na katikati kuna salamu: "Mwonekano mpya, kwa ajili yako." Kwa ajili yangu! Mimi nilimlalamikia nani kwamba kona zinanichoma?

Naomba ieleweke kwamba sina ugomvi na uzuri. Mimi ni mtu mzima, mstaarabu, napenda sanaa. Ila mahali fulani kuna mtu mwenye kiti cha kuzunguka na skrini tatu, ambaye analipwa kuamka asubuhi na kujiuliza: leo nihamishe nini?

Chukua kitufe cha Anza. Kililetwa na Windows 95, kikawekwa kule chini kushoto, kikatulia miaka 17. Mtoto aliyezaliwa siku kile kinazinduliwa alishaota ndevu. Mwaka 2012, kwenye Windows 8, wakakiondoa. Watu tukawa tunapapasa kona kama mtu anayetafuta miwani gizani. Mwaka uliofuata kikarudishwa, lakini ukikibonyeza kinakupeleka kulekule ulikokuwa unakukimbia. Kisha 2021 Windows 11 ikaja nacho katikati. Katikati! Kona ndiyo mahali pekee kwenye skrini ambapo hata aliyesinzia hakosei: unasukuma kipanya mpaka kigonge ukuta, umefika. Na hili halikuhitaji mimi niseme. Mwaka 1954 Paul Fitts, mwanasaikolojia Mmarekani, alishapiga hesabu akaonyesha kwamba kitu kikubwa kilicho karibu mkono hukifikia upesi, kidogo kilicho mbali huusumbua. Mwaka 1954! Kipanya chenyewe hakijazaliwa.

Wa Ubuntu nao, mfumo mwingine wa kuendeshea kompyuta, 2010, wakahamishia vitufe vya kufunga dirisha upande wa kushoto. Mkono ukajifunza. 2017 wakavirudisha kulia.

Basi, nikampigia mpwa wangu. Huyu ndiyo kazi yake, kuchora mionekano ya mifumo, na nyumbani tunamwonea fahari ingawa hatujui vizuri anafanya nini. Akaja, akatazama skrini, akatabasamu.

"Mjomba, imependeza."

"Sikukuita uisifie. Nataka kulisogeza hili dirisha."

"Lishike kwa juu, ulivute."

Nikalishika kwa juu. Likafunguka sanduku la kutafutia. Nikalifunga, nikashika pembeni kidogo, ikafunguka orodha yenye vitu kumi na viwili. Nikashika pembeni zaidi, ukurasa ukarudi nyuma. Zamani kule juu palikuwa na ubao mtupu, wa buluu, mpana, wenye jina la faili. Hauna kazi nyingine, upo tu ushikwe. Sasa wameona ni uwanja unaopotea bure, wakaujenga vibanda mpaka barabarani.

"Shika palipo wazi, Mjomba."

"Wapi?"

"Hapo, kati ya hivyo vitufe viwili."

"Hapo pana upana wa unywele."

"Taratibu tu."

Nikaenda taratibu, nimeshika pumzi, ulimi nje. Nikalipata! Nikavuta. Dirisha likagusa ukingo wa juu, likatanuka likajaza skrini nzima.

"Hiyo ni msaada," mpwa akasema. "Imehisi unataka likue."

"Mimi nimetaka lini likue?"

"Basi lipunguze kwa kushika ukingo wake."

Ukingo upi? Zamani dirisha lilikuwa na fremu, kama dirisha. Hili limekatwa kwa wembe. Nikasogeza kipanya milimita hadi milimita, kikawa mshale, kikawa mshale, kikawa mishale miwili. Nikabonyeza, kumbe kimesharudi kuwa mshale mmoja, nimebonyeza dirisha la nyuma. Lile la mbele likazama.

Sasa ndipo penye msiba. Kulikuwa na madirisha mawili, yote meupe, yote na kichwa cha kijivu. Hapo kale dirisha unaloliandikia lilikuwa na kichwa chenye rangi na la nyuma limefifia, hata ukiwa mbali unajua ni lipi linakusikiliza. Siku hizi tofauti yake ni kivuli. Kivuli! Nikaona kasanduku kananiomba paswedi, nikaandika paswedi, herufi zote, kwa uhakika wa mtu mzima, nikabonyeza kitufe cha kutuma.

Ikaingia kwenye kundi la kazini.

Bosi akaweka dole gumba.

Sitaki kulizungumzia hilo zaidi, ila niseme tu kwamba ile paswedi ni jina la mtu na mwaka, na kundi lina watu 34.

"Ungeangalia kivuli, Mjomba."

Nikamwambia asiniletee habari za kivuli mtoto niliyembeba mgongoni. Nikamwonyesha maandishi ya kijivu juu ya kijivu. "Hili neno unalisoma?" Akasogeza uso. Nikamuuliza, shuleni kwenu hawafundishi kitu kuhusu macho? Akasema wanafundisha, upo mwongozo unaoheshimika wa WCAG, wa kufanya kurasa za mtandao zitumike na watu wote, kwamba maandishi ya kawaida yawe na utofauti wa mwangaza wa angalau 4.5 kwa 1 na kilicho nyuma yake.

"Na haya?"

Akakohoa. "Haya ni maelezo ya ziada tu."

"Yameandikwa 'Futa vyote'."

Akanyamaza, kisha akatoa silaha yao ya mwisho, ile wanayofichaga mfukoni wote: "Lakini Mjomba, yote haya unaweza kubadilisha. Ingia kwenye mipangilio."

Hapo nikachoka kweli. Mpwa wangu, mimi sijawahi kubadilisha kitu. Picha iliyokuja na mashine ndiyo iliyopo. Mlio ni uleule. Hata ile programu ya hali ya hewa inaniambia habari za mji nisiowahi kuukanyaga, nami naisoma kila siku. Leo huko kuna mawingu. Na watu wa aina yangu ndio wengi. Ninyi mnaposema "mwonekano wa mwanzo" mnadhani ni ukumbi wa kupitia, mgeni atavua viatu kisha aende chumba anachokipenda. Sisi tunalala hapohapo ukumbini. Mkihamisha mlango usiku, tunaamka tunagonga ukuta.

Akaandika kitu kwenye simu yake. Nikadhani ameguswa. Kumbe anamjibu mtu.

Ajabu, kinachohitaji kubadilishwa hawakigusi. Alama ya kuhifadhi faili bado ni disketi! Ile ya megabaiti 1.44. Mpwa hajawahi kuishika maishani mwake, lakini anaichora, anaiviringisha kona.

Akaniambia nisubiri, mitindo hugeuka. Hilo kweli. Windows Vista ilikuja na madirisha ya kioo 2007, Windows 8 ikavunja kioo kila kitu kikawa bapa, na 2025 Apple wametoa Liquid Glass, kioo tena, safari hii cha majimaji. Na ni haohao ambao mwaka 2000 bosi wao Steve Jobs alisema walitaka mtu akiona mwonekano wao mpya atamani kuulamba. Nikaitazama skrini yangu. Ina vumbi la miezi minne.

Mimi bado nakumbuka kile kilima cha kijani kwenye picha iliyokuja na Windows XP. Kile ni kilima cha kweli, kipo California, Charles O'Rear alikipiga picha mwaka 1996 akiwa safarini. Kilima, mbingu, basi. Hakuna aliyekuuliza kama umependa. Nilimwambia mpwa anitafutie picha ya kile kilima nilivyokizoea, akanionyesha kilivyo siku hizi: kimepandwa mizabibu, mistari mistari.

Hata hicho wamekisasisha.

Ngoja, simu inalia. Ni kundi la kazini. Wanauliza huyo mtu ni nani.