Marumaru Shawani? Tuanze na Maji Unayoogea

Mtu akiniuliza kama aweke mawe ya asili kwenye shawa yake, namuuliza kwanza mambo mawili: anaoga maji gani, na bafu linasafishwa kwa dawa gani. Hapo ndipo hatima ya jiwe ilipo. Rangi, mng'aro na picha alizohifadhi kwenye simu yake vinaweza kusubiri.

Nyumba nyingi za Dar es Salaam, hasa pembezoni mwa jiji, zinategemea visima, na visima vingi vya pwani vina maji ya chumvi au maji magumu, yaani yenye madini mengi yaliyoyeyuka. Maji hayo yakikaukia ukutani huacha ukoko mweupe. Sehemu kubwa ya ukoko wa maji magumu ni kalsiamu kaboneti. Marumaru, nikimaanisha jiwe lenyewe la asili wala si vigae, nayo ni kalsiamu kaboneti. Maana yake ni kwamba dawa yoyote ya asidi inayoondoa ukoko italila na jiwe lililo chini yake, kwa kuwa kwa asidi vitu hivyo viwili ni kitu kimoja.

Sasa fikiria dada anayesafisha nyumba. Amezoea vigae vya kauri, ambavyo asidi ya chooni haividhuru kwa urahisi. Anaimwaga kwenye sakafu ya marumaru, povu linachemka, na yeye anaamini dawa inatoa uchafu, kumbe kinachochemka ni sakafu yenyewe. Hana kosa hata kidogo, kwani hakuna aliyemwambia. Baada ya miezi michache mng'aro umetoweka na kuna mabaka yaliyofubaa ambayo hakuna sabuni inayoweza kuyatoa, kwa sababu si madoa. Jiwe limeliwa. Kulirudisha kunahitaji fundi mwenye mashine ya kusaga na kung'arisha, na hiyo ni gharama ambayo muuza mawe huwa haitaji.

Kwa hiyo msimamo wangu ni huu: kwenye nyumba ya maji ya kisima, marumaru isiwekwe shawani. Iweke sebuleni, iweke kwenye ngazi, ifurahie. Shawani weka granaiti. Madini yake makuu ni kwatzi na feldispa, na asidi za kawaida za nyumbani haziyali kama zinavyoila marumaru. Aliyefika Mwanza ameiona miamba ya granaiti iliyosimama ndani ya Ziwa Victoria ikipigwa na mawimbi mchana na usiku. Ukoko utaonekana hata juu ya granaiti, tena kwenye granaiti nyeusi utaonekana zaidi, ila huko unaweza kuuondoa bila kuliharibu jiwe.

Kama huamini maelezo ya muuzaji, omba kipande kilichobaki kwenye ukataji. Kidondoshee ndimu, subiri dakika kama kumi, kisuuze, kisha kitazame kwa ubavu kwenye mwanga. Palipofubaa panakuambia jiwe hilo lina kaboneti, liitwe jina lolote dukani. Mawe mengine huuzwa kwa jina la granaiti na si granaiti.

Wengine wananiuliza kuhusu jiwe la Mazeras, linalotoka bara kidogo ya Mombasa. Nalipenda sana uani na kwenye njia za bustani, maana uso wake usio laini unashika mguu. Lakini ni jiwe la mchanga, linanyonya maji, na shawa ya familia kubwa haipati nafasi ya kukauka. Libaki nje.

Kuna atakayesema wazee wetu wa pwani walioga ndani ya nyumba za mawe karne na karne. Ni kweli, na inafaa tuangalie walivyofanya. Nyumba za Lamu na Mji Mkongwe wa Unguja zilijengwa kwa mawe ya matumbawe na chokaa, na birika la kuogea lilipigwa lipu laini ya chokaa badala ya kuachwa na jiwe wazi. Hata pale Hamamni, kwenye bafu la umma la enzi za Seyyid Barghash, aliyetawala Zanzibar kuanzia 1870 hadi 1888, utaona kuta zilizopigwa lipu. Chokaa ikishakauka vizuri nayo hurudi kuwa kalsiamu kaboneti, sawa na marumaru. Ila ilipochakaa, fundi aliipaka upya kwa gharama ndogo. Ubao wa marumaru uliobandikwa haupakwi upya.

Linaloniumiza zaidi ni pesa kuishia juu huku chini hakuna kitu. Jiwe halizuii maji, wala saruji nyeupe ya kwenye maungio haizuii. Kinachozuia ni tabaka la dawa ya kuzuia maji linalopakwa chini ya mawe, likapanda ukutani eneo lote linalorushiwa maji. Ile dawa ya kupaka juu ya jiwe inapunguza tu kunyonya madoa. Haikingi asidi, na hairekebishi kazi mbovu ya chini. Sakafu nayo iwe na mteremko wa kama sentimita 2 kwa kila mita kuelekea kwenye tundu la maji.

Msimamie fundi anapobandika. Akiweka gundi kwa madonge pembeni na katikati, anaacha mapengo ambamo maji yatakaa, na jiwe jeupe litaonyesha mabaka meusi yasiyokauka. Gundi isambazwe nyuma yote. Kwa jiwe la rangi nyepesi iwe gundi nyeupe, maana ya kijivu hupenya na kuonekana. Sakafuni usikubali jiwe lililong'arishwa: bibi akiteleza hapo akiwa na sabuni miguuni, ni kuvunjika nyonga. Tumia lenye uso usio laini, au vipande vidogo vyenye maungio mengi.

Kama marumaru ulishaiweka, bado kuna la kufanya. Tumia sabuni isiyo na asidi, achana na siki na ndimu, na kila mtu akimaliza kuoga avute maji ukutani kwa mpira wa kukaushia vioo, ili ukoko usipate pa kuanzia. Na tafadhali, kwa jiwe lolote, usichanganye jiki na asidi ya chooni. Mchanganyiko huo hutoa gesi ya klorini, na bafu huwa dogo na lisilo na hewa.

Kwa anayejenga sasa, kabla ya jiwe la kwanza kubandikwa, acha dawa ya kuzuia maji ikauke kabisa, ziba tundu, jaza maji sentimita chache na uyaache saa 24. Weka alama ya kina chake ukutani. Kesho yake kagua alama, kagua dari ya chumba cha chini na ukuta wa upande wa pili. Pakiwa na unyevu, fundi arudie kupaka, hata kama mawe yameshafika na yamejaa kibarazani.